Ukiwa na selimundu Uingereza, usiende emejensi bila barua

Soma hili kabla maumivu hayajaanza, maana yakishaanza hutakuwa na nguvu ya kusoma. Nawaandikia wenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, hasa vijana wetu wa Kyela, Mbeya, Iringa na Njombe walioko Uingereza wakisoma au wakifanya kazi za kutunza wazee. Aliyepanda kutoka Kyela kwenda Uyole mwezi wa saba anajua baridi inavyoamsha mifupa. Huku baridi hiyo inaanza Novemba na haikuachii mpaka Machi.

Ya kawaida kwanza. Jiandikishe kwa GP, yaani daktari wa mtaani kwako, mara tu ukifika, ni bure, na umwombe rufaa ya kliniki ya damu. Ada ya afya uliyolipa kwenye viza, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima tangu Februari 2024, 776 kwa mwanafunzi (mwenye viza ya kazi za afya na utunzaji amesamehewa), ndiyo inayokupa matibabu ya hospitali. Ushauri piga 111, hatari ya maisha piga 999. Basi.

Sasa mtego wenyewe. Nyumbani ukipelekwa Rufaa, ndugu anatangulia na kadi ya kliniki, anafungua faili, anakwenda dirishani, anaongea na manesi, wewe kazi yako ni kuugua. Huku unaingia peke yako. Nesi wa triaji, anayepanga nani aonwe kwanza, hajawahi kukuona, ana dakika chache, na kompyuta yake inaweza isione kilichoandikwa na kliniki yako katika hospitali nyingine. Mimi wa kwangu aliniuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, nikasema kumi, na ilikuwa kumi kweli. Nilikuwa nimekaa wima, kimya, viganja nimevikandamiza kwenye mapaja, kama tulivyolelewa kuvumilia mbele ya watu. Akaniuliza dawa gani hunisaidia. Nikataja pethidini niliyokuwa nachomwa nyumbani. Kalamu ikasimama. Akaniangalia usoni, akauliza tena taratibu, kisha akanielekeza kwenye viti vya plastiki walipokaa walioteguka vifundo vya miguu. Nilikaa pale usiku kucha. Daktari wa zamu ya asubuhi alipompigia mtaalamu wa damu ndipo nikapewa mofini.

Mtu mweusi, ametulia, anasema kumi, tena anataja dawa kali kwa jina: wengine humwona mtafuta ulevi. Si hisia zangu tu. Ripoti ya wabunge ya mwaka 2021 ilieleza jinsi wagonjwa wa selimundu wanavyopuuzwa na kushukiwa katika hospitali za Uingereza. Na pethidini yenyewe, mwongozo wa kitaifa wa 2012 unasema isitumike kwa shambulio la maumivu ya selimundu. Kwa hiyo usiitaje kama ombi. Mwongozo huohuo unataka upewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu ufike, upimwe tena kila dakika 30 mpaka utulie, na usikilizwe kama mtu anayeujua ugonjwa wake. Dakika 30. Zishike kichwani.

Kwa hiyo barua. Mwombe mtaalamu wako wa damu akuandikie, yenye nembo ya hospitali: aina ya selimundu yako, dawa na dozi inayokutuliza, dawa zinazokudhuru, kiwango chako cha kawaida cha damu na oksijeni, na simu ya kliniki. Hicho kiwango cha kawaida ni muhimu mno, maana daktari asiyekujua akiona damu 7 atashtuka, kumbe wewe kila siku unatembea na 7. Iwe karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala abaki nayo rafiki anayeweza kuja usiku. Usitegemee picha kwenye simu, simu huzima. Ikabidhi mapokezi kabla hujakaa, useme una selimundu, uko kwenye shambulio, na saa yako imeanza kuhesabiwa. Wakikupita, mwite nesi msimamizi wa zamu na uombe mtaalamu wa damu wa zamu apigiwe. Narudia: usitoke nyumbani bila barua.

Homa ya 38 au zaidi, kifua kubana, pumzi fupi, upande mmoja wa mwili kulegea, au uume kusimama kwa saa mbili bila kulala: hapo hakuna kuvumilia wala kunywa maji mengi kwanza, ni emejensi mara moja.

Na ninyi wazazi na mama wadogo huko Tukuyu na Mafinga, tunawapenda, lakini acheni kutuambia tufiche ugonjwa eti tutarudishwa. Kipimo tunachodaiwa kwenye viza ya muda mrefu ni cha kifua kikuu. Selimundu haimrudishi mtu. Dawa za mizizi mnazotuma kwenye bahasha, tutamwonyesha daktari kabla ya kumeza. Na mama akija kututembelea, emejensi hatalipa, ila akilazwa ankara itamfuata, na kwa mgeni hupigwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Mkatieni bima kabla ya ndege.

Waingereza, kwa nilivyowaona, wanaheshimu kilichoandikwa kuliko kilio. Kwetu huruma inakuja mbio na dawa inachelewa. Kwao dawa ipo kabatini, ila anayeishika anataka karatasi. Na hata karatasi zao zina dhuluma: England mwenye kisukari cha insulini halipii dawa, sisi tunalipa, kwa sababu selimundu haimo katika orodha ya misamaha iliyotungwa 1968. Hilo linanikera na nitalisema popote.

Dozi ikibadilishwa kliniki, usiondoke bila barua mpya. Daktari wa usiku akiona tarehe ya zamani ataanza kuuliza upya, na dakika zako 30 zitaishia kwenye maswali.