Namna ya Kutafakari Upendo wa Mungu Uliojitoa Sadaka

Mkristo anayeishi Malindi hukutana na habari ya sadaka mara nyingi kuliko anavyodhani. Idd-ul-Hajj inapofika, jirani yake Mwislamu huchinja kwa ukumbusho wa utiifu wa Nabii Ibrahimu, na si ajabu sahani ya nyama ikavuka ua na kuletwa mpaka mlangoni kwake. Kwaresima inapoingia, Wakatoliki huvipita vituo 14 vya Njia ya Msalaba kila Ijumaa, na Wakristo wa madhehebu mengine huijaza Ijumaa Kuu kwa ibada ndefu. Pamoja na hayo yote, mtu anaweza kuzeeka kanisani akikiri kwamba Yesu alikufa kwa ajili yake, wala asiwahi kukaa chini na kulitazama jambo lenyewe kwa utulivu.

Kwanza tafuta nusu saa ambayo hakuna mtu anayekudai. Kwa mji wetu, saa nzuri ni alfajiri, adhana ikiisha na kabla tuktuk hazijaanza kupiga honi. Iache simu chumba kingine hata kama Biblia yako imo ndani yake, kwa sababu ujumbe mmoja tu wa jumuiya unatosha kuiondoa akili mahali ilipokuwa imefika. Ukihitaji kutoka nyumbani, kuna kile kikanisa kidogo cha zamani cha Wareno chenye paa la makuti na makaburi kiwanjani, kinachohusishwa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Nguzo ya Vasco da Gama siipendekezi kwa kazi hii, ingawa ina msalaba juu yake. Mabaharia waliofika hapa mwaka 1498 walikuwa na desturi ya kusimika nguzo za namna hiyo ili ijulikane kwamba jina la mfalme wao limefika, ilhali msalaba tunaoutafakari hapa ni wa Mfalme aliyevuliwa hata nguo zake.

Ukishatulia, soma fungu moja tu, na liwe fupi. Kwa siku ya kwanza ninashauri Warumi 5:6–11, usome kwa sauti mara mbili, kisha ujiulize maswali manne bila haraka: ni nani aliyetoa, alitoa nini, alimtolea nani, na huyo aliyepokea alikuwa katika hali gani wakati ule. Watu wengi huyajibu matatu ya kwanza kwa wepesi kwa kuwa wameyasikia tangu shule ya Jumapili. Uzito wote umo katika swali la nne, kwa maana Paulo anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, yaani kabla ya toba, kabla ya ubatizo, na kabla hatujaomba lolote.

Swali hilo likikataa kushuka moyoni, lichukue daftari la madeni, kama una biashara. Litafute lile jina ambalo ukiliona tu damu inachemka: aliyechukua samaki aina ya changu kilo mbili kwa mkopo, akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, kisha akahamia meza ya mchuuzi mwingine na sasa ananunua huko kwa pesa taslimu huku akikupita bila salamu. Kaa na jina hilo dakika chache. Usijilazimishe kumsamehe papo hapo; angalia tu jinsi moyo wako unavyokataa kumtendea wema, halafu urudi kwenye aya ya 10, ambapo Paulo anasema kwamba tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa adui zake.

Siku inayofuata soma habari za Gethsemane katika Marko 14:32–42, ukiziambatanisha na Yohana 10:18, ambapo Yesu anasema kwamba hakuna amwondoleaye uhai wake, bali anautoa mwenyewe. Alihuzunika, aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, na wenzake walilala usingizi. Hata hivyo alisimama na kwenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Hiari hiyo ndiyo inayokifanya kifo chake kuwa sadaka.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa sababu fundisho hili limetumika vibaya. Mwanamke anayepigwa nyumbani huambiwa avumilie, abebe msalaba wake, eti ndivyo Yesu alivyopenda. Huo ni upotoshaji. Yesu alijitoa mwenyewe kwa ajili ya wengine, naye hakumfundisha mtu yeyote kumtwika mwenzake mateso kisha ayaite mapenzi ya Mungu. Kama wewe ndiwe unayeumizwa, tafakari hii isikuzuie kutafuta usalama na msaada. Na kama unaongoza wengine katika kutafakari, uliseme hilo waziwazi kabla hujaanza.

Siku ya tatu ni ya Marko 15:16–39. Wahubiri wengine hupenda kueleza misumari na damu mpaka watu walie, na wasikilizaji wakishalia hudhani kwamba wametafakari. Mimi naona Marko mwenyewe alijizuia. Tendo la kusulubisha analitaja kwa maneno machache mno, lakini anatumia aya nyingi kueleza dhihaka: vazi la zambarau, taji ya miiba, wapita njia wakitikisa vichwa, na wakuu wa makuhani wakisema kwamba aliokoa wengine, ila hawezi kujiokoa mwenyewe. Kaa na maneno hayo ya mwisho. Waliyasema kwa kejeli, lakini ndani yake mna ukweli ambao wao hawakuuona, kwa kuwa asingeweza kufanya yote mawili.

Wengi wakifika hapa hujenga picha ya Baba mwenye hasira na Mwana mwenye huruma anayempoza. Picha hiyo iondoe mapema, maana itakufanya umpende Yesu na kumwogopa Mungu kana kwamba wana nia mbili. Soma 2 Wakorintho 5:19, isemayo kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake, kisha Warumi 8:32 pamoja na Mwanzo 22. Mlimani Moria kisu cha Ibrahimu kilizuiwa kisimchinje mwanawe Isaka, na kondoo dume akapatikana kichakani. Kwa imani ya Kikristo, Mungu hakumwachilia Mwana wake bali alimtoa, na kwa njia hiyo gharama aliibeba Mungu mwenyewe.

Baada ya hapo funga Biblia na ufanye jambo moja lenye gharama kwako, kwa kuwa 1 Yohana 3:17 inauliza upendo wa Mungu unakaaje ndani ya mtu mwenye riziki anayemzuilia huruma ndugu yake mhitaji. Liwe dogo, la siri, na kwa mtu asiye na njia ya kukurudishia: karo ya mtoto wa jirani, ugali na samaki kwa mgonjwa asiye na wa kumtazama, au mstari mmoja uliokatwa katika lile daftari.

Kwa siku ya mwisho, soma Yohana 21:1–17, na ikiwezekana uende ufukweni asubuhi boti zinaporudi. Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu kando ya moto wa makaa, anakuta moto wa makaa mwingine ukingoni mwa ziwa, umewekewa samaki na mkate, na Yesu aliyefufuka anawaita wanafunzi wake waje kula kwanza. Swali la “Wanipenda?” linakuja baada ya chakula, nalo Petro anaulizwa mara tatu. Weka jina lako mahali pa jina la Petro, ulisome swali hilo kwa sauti, na usiondoke kabla hujajibu.