Kubadilisha belti ya redio kaseti bila kubahatisha

Redio kaseti ya zamani ikianza kuimba polepole au kutafuna kanda, usikimbilie kununua mota. Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni belti ya mpira: imelegea, au imeyeyuka ikawa kama lami.

Chomoa waya wa stima na utoe betri. Ukishafungua, piga picha ya njia ya belti kabla hujaigusa. Ukiirudisha vibaya, kanda inaweza kuzunguka kinyume. Lami ifute kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mpaka puli, yaani magurudumu madogo yanayopitiwa na belti, zing'ae. Usiharakishe hapa. Uchafu ukibaki upande mmoja wa puli, puli si duara tena, na kila mzunguko utasikika kama sauti inayoyumba.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi hukosea. Belti ya zamani haifai kupimwa urefu, imeshanyooka. Pitisha uzi usiovutika kwenye puli zote kwa njia ileile, upime, kisha punguza asilimia 5 hadi 7. Uzi ukitoa milimita 220, tafuta belti yenye mzingo wa ndani wa takriban milimita 207, yaani kipenyo cha 66. Ukienda kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, beba vipimo hivyo pamoja na kipande cha belti ya zamani, kwa sababu unene nao lazima ulingane. Ukiambiwa raba ya kufungia noti inatosha, kataa: itaoza upesi na unene wake haulingani pande zote. Belti inayobana sana huelemea mota na kula bushi zake. Iliyolegea huteleza, spuli inayopokea inasimama, utepe unajirundika kwenye rola ya mpira inayoubana. Huko ndiko kutafunwa kwa kanda.

Wakati mashine iko wazi, safisha hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe, kwa alkoholi hiyohiyo. Rola ya mpira ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo na uikaushe kabisa. Alkoholi ikitumiwa mara kwa mara hukausha mpira.

Mwisho ni kasi. Kaseti hupita kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Chukua kanda usiyoihitaji, vuta utepe bila kuunyoosha, weka alama mbili zilizoachana mita 4.76, urudishe ndani. Alama zote mbili zipite kwenye hedi kwa sekunde 100. Zikichukua 103, mashine iko nyuma kwa karibu asilimia 3, na sikio litaisikia kwenye muziki. Mota nyingi zina tundu dogo mgongoni lenye skrubu ya kasi. Izungushe kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma inaweza kuleta shoti.

Skrubu yenye springi kando ya hedi, inayopanga pembe yake, usiiguse ikiwa kanda zako zilirekodiwa kwa mashine hiyohiyo. Ukiisogeza, zote zitasikika zimefifia.