Kustaafu Pwani ya Kenya kwa pasipoti ya kigeni: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua nyumba

Anayepanga kwenda kupumzika Nyali, Diani, Watamu au Malindi baada ya miaka ya kazi kwa kawaida huanza kwa kutazama picha za nyumba. Aanze na pasipoti yake. Aina ya ardhi anayoweza kuishika, muda atakaoishika na nguvu yake siku muda huo ukiisha vyote hutegemea kama yeye ni raia wa Kenya au la. Kununua kwanza na kushughulikia uraia baadaye ni kujifungia mlango ambao ungeweza kuufungua kwa fomu na subira.

Hili linawahusu sana watu waliozaliwa Wakenya kisha wakachukua uraia wa Ujerumani, Marekani, Uingereza au nchi za Ghuba kabla ya tarehe 27 Agosti 2010. Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wengi wao waliupoteza wa Kenya bila hata kuandikiwa barua. Wanarudi wakijiona wenyeji, na kijijini ni wenyeji kweli, lakini mbele ya msajili wa ardhi ni wageni. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inawapa haki ya kuurudisha uraia wa kuzaliwa kwa kuomba. Aombe kwanza, apate cheti, ndipo atie sahihi mkataba wa kununua ardhi. Aliyechukua uraia wa pili baada ya tarehe hiyo hakupoteza kitu, ila sheria ya uraia ya 2011 inamtaka atangaze uraia huo wa pili ndani ya miezi 3, na kunyamaza ni kosa la jinai. Kama nchi uliyohamia hairuhusu uraia wa nchi mbili, bado kuna ukaazi wa kudumu, ambao waliowahi kuwa raia wa kuzaliwa wanaruhusiwa kuuomba. Ukaazi huo hukuondolea usumbufu wa vibali. Kwenye ardhi unabaki si raia.

Mwenzi wa kigeni ana njia yake. Akishatimiza miaka 3 ya ndoa na raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na akitimiza 7 anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Hesabu miaka hiyo kabla ya kuamua jina la nani liandikwe kwenye hati.

Mgeni asiye na ndoa wala asili ya Kenya hutumia kibali cha daraja K. Masharti yake ni awe na umri usiopungua miaka 35, awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, na aahidi kutofanya kazi ya ajira nchini. Wengi hukwama kwenye neno mapato. Barua ya benki inayoonyesha akiba nono haijibu swali. Kinachotakiwa ni fedha inayoingia kila mwaka, kama pensheni, kodi ya nyumba uliyopangisha au gawio la hisa. Omba barua kutoka kwa mfuko wako wa pensheni inayotaja kiasi kwa mwaka na kwamba kinalipwa maisha yako yote. Cheti cha tabia njema cha polisi wa nchi unakotoka kichukue kabla ya kuondoka, maana kukifuatilia ukiwa Kilifi huchukua muda mrefu, na kama si cha Kiingereza kipeleke kwa mtafsiri anayetambulika. Maombi hufanywa kwa mtandao wa idara ya uhamiaji. Usije kwa eTA ya utalii, yaani idhini ya kuingia nchini inayoombwa mtandaoni, ukidhani siku 90 zinatosha kuishi, kununua na kujenga. Yeyote anayekaa zaidi ya siku 90 anapaswa kujisajili na kuchukua kadi ya mgeni, na bila kadi hiyo hata kufungua akaunti ya benki huwa shida.

Raia wa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wasidanganyike na urahisi wa kuvuka mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Mtanzania akinunua ploti Ukunda anahesabiwa sawa na Mtaliano.

Sasa ardhi yenyewe. Ibara ya 65 ya Katiba inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Mkataba wowote ukiandika zaidi ya hapo, sheria inausoma kama miaka 99 basi. Kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu hisa zote zinapomilikiwa na raia. Hisa moja mkononi mwa mgeni inaibadilisha kampuni nzima. Mali ya udhamini, yaani inayoshikwa na mtu kwa faida ya mwingine, nayo hivyo hivyo: anayefaidika akiwa mgeni, mali ni ya mgeni. Kwa hiyo ule ushauri wa mitaani wa kuandikisha shamba kwa jina la rafiki, mchumba au mlinzi huku mna karatasi yenu ya siri haukupi umiliki. Karatasi hiyo haikusaidii mahakamani, na aliyeandikwa kwenye hati anaweza kuuza kesho.

Miaka 99 ni kikomo cha juu, haimaanishi ndiyo utakayopata. Ukinunua nyumba ambayo ukodishaji wake wa miaka 99 ulianza Januari 1975, unaisha Desemba 2073. Anayenunua mwishoni mwa 2025 ananunua miaka 48. Bei ya muuzaji mara nyingi haisemi hivyo. Soma tarehe ya kuanza na muda kwenye hati yenyewe, usisome kwenye tangazo. Jambo linalopitwa na wengi ni kwamba sheria ya ardhi ya 2012 inampa mshikaji aliyemaliza muda nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi ile kama ni raia wa Kenya. Mgeni hana nafasi hiyo. Mwenye miaka 65 anaweza kusema hayamhusu, lakini anayetaka kuwaachia watoto, au kuuza baada ya miaka 15 ili alipie matibabu, yanamhusu sana, kwa sababu thamani hushuka kadiri miaka inavyopungua na benki husita kukopesha juu ya muda mfupi.

Kuna ardhi mbili ambazo mgeni azikaribie kwa tahadhari kubwa. Ya kwanza ni ya kilimo. Mauzo yake yanahitaji ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na sheria inaiamuru bodi kukataa mnunuzi asipokuwa raia, isipokuwa kwa msamaha wa Rais. Bila ridhaa mauzo ni batili kabisa; unachoweza kudai ni kurudishiwa fedha zako tu, na kuzipata kutoka kwa aliyekwisha kuzitumia ni kazi nyingine. Ekari 2 zenye minazi na mikorosho nyuma ya barabara ya Malindi huuzwa kama "ploti ya nyumba" huku kwenye rejesta bado ni shamba. Muuzaji ndiye abadilishe matumizi ya ardhi, akamilishe, halafu ndipo wewe utie sahihi. Ya pili ni ya ufukweni, safu ya kwanza na ya pili ya viwanja kutoka alama ya maji kujaa. Hii ni ardhi inayodhibitiwa, haiuzwi kwa asiye raia bila idhini ya awali ya serikali. Wakili aandike kwenye mkataba kwamba idhini isipotoka, malipo ya awali uliyotoa yanarudi yote.

Hati nzuri peke yake haitoshi tena. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Kampuni ilikinunua mwaka 2006 kutoka kwa mwenye hati, lakini ugawaji wa awali wa 1989 haukufuata utaratibu, na mahakama ikasema hati iliyozaliwa na ugawaji mbovu haimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Maana yake kwako ni kwamba upekuzi kwenye msajili, unaokuonyesha mwenye ardhi wa leo, ni hatua ya kwanza tu. Mtake wakili afuate mlolongo hadi mwanzo: barua ya ugawaji, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kila uhamisho uliofuata. Kisha mlipe mpima ardhi mwenye leseni aje na ramani, akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, moja moja. Kama bikoni imeangukia kwenye njia ya wavuvi kwenda baharini, ondoka.

Pwani ina mambo yake mengine. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa na Malindi kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ana kuta na paa, ardhi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Ukiuziwa nyumba kama hiyo hupati ardhi, na huwezi kujenga upya bila mwenye kiwanja kukubali. Halafu kuna maskwota, ambao wengine familia zao zimekaa pale kwa vizazi huku hati ikishikwa na mtu wa mbali. Mtu akikalia ardhi binafsi wazi wazi kwa miaka 12 bila ruhusa wala kuondolewa, anaweza kuidai mahakamani. Tembea kiwanjani asubuhi, uliza majirani na mzee wa mtaa nani analima pale na tangu lini. Na ukishanunua, usikiache kitupu ukirudi Ulaya kungoja umri wa pensheni.

Kwa wengi nyumba ya ghorofa ndiyo salama zaidi, mradi jengo limesajiliwa chini ya sheria ya majengo ya sehemu ya 2020, kila nyumba na hati yake. Omba hesabu za ada ya huduma za miaka 3 iliyopita. Lifti na pampu karibu na bahari huliwa na chumvi, na jengo lisilo na akiba ya matengenezo litakuja kukuchangisha.

Malipo yafuate utaratibu. Hakikisha kwenye orodha ya Chama cha Mawakili kwamba wakili wako ana leseni ya mwaka huo, na asiwe yule yule wa muuzaji. Malipo ya awali ya kawaida ni asilimia 10 ya bei, yashikwe na wakili, yasiende mfukoni mwa muuzaji, na ukamilishaji huwa siku 90. Kabla ya salio, pokea hati halisi, cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi, cha kutodaiwa ada za kaunti, na ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Ongeza ushuru wa stempu kwenye bajeti: asilimia 4 ya thamani mjini, 2 nje ya mji, kwa tathmini ya mthamini wa serikali. Wewe pia utahitaji PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Ingiza fedha kwa benki na utunze risiti, maana siku ya kuuza utaulizwa ilitoka wapi.

Kodi ya mapato huwashtua wengi. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukawepo nchini siku yoyote ndani ya mwaka, unahesabiwa mkaazi wa kodi, hata kama hujafikisha siku 183 za kukaa nchini. Kenya ina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili na Ujerumani, Uingereza na Kanada; na Marekani haina. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa Kenya ila haipandishwi: kiasi unachoanza nacho ndicho utakachokuwa nacho miaka 20 baadaye, huku bei zikipanda. Mmarekani ajue Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, haimtibu Mombasa. Bima binafsi nyingi zina kikomo cha umri wa kujiunga, kwa hiyo itafute kabla ya kustaafu, na uulize kama inalipa kusafirishwa hadi Nairobi.

Mwisho ni wosia. Ardhi iliyopo Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya hata kama marehemu alikuwa mkaazi wa Muscat au Stuttgart, na Waislamu hurithishana kwa sheria ya Kiislamu. Andika wosia unaohusu mali ya Kenya peke yake, mbele ya mashahidi 2 wasiorithi chochote ndani yake, nakala moja ibaki kwa wakili aliye Kenya. Hakikisha wosia utakaoandika baadaye kule ulikotoka hauufuti huu kwa sentensi ya jumla ya kufuta wosia zote zilizotangulia.