Namna ya Kusoma Mimea ya Mlima Nuolja, ya Leo na ya Kale

Nimezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Nilipofika Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, ulipo Mlima Nuolja, nilidhani mlima naujua: unapanda, miti inaisha, mawe yanaanza. Siku ile nilikanyaga miti chungu nzima bila kujua. Ukienda, nenda pole pole.

Chagua Julai, theluji ikiwa imeyeyuka sehemu kubwa. Beba kioo cha kukuzia cha mara 10 na uvae suruali isiyopitisha maji, maana utapiga magoti sana.

Anzia chini, kando ya ziwa Torneträsk. Msitu ni wa mbetula karibu wote, miti myembamba iliyopinda yenye magome meupe. Panda ukipima kimo chake kwa mwili wako: inakupita kichwa, inafika kifuani, kisha magotini. Ikishabaki vichaka tu, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, umefika mpaka wa miti.

Endelea mpaka uone bonde dogo lenye unyevu, pale theluji ilipochelewa kuyeyuka. Piga magoti. Kuna majani ya mviringo yanayong'aa, mawili mawili, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Huo ni mti, Salix herbacea. Shina na matawi yake yanatambaa ndani ya udongo, juu yanachomoza majani na kishada kidogo cha maua. Upepo haupati pa kuushika.

Kando ya vijito tafuta Arabis alpina, ua jeupe la petali nne. Nilipolitambua nilikaa chini kabisa: ni spishi ile ile inayoota kwetu, juu ya msitu wa Kilimanjaro.

Sasa mimea ya kale. Hiyo imelala kwenye tope la maziwa na mboji ya vinamasi, ambako oksijeni ni haba na vitu haviozi upesi. Watafiti huzamisha bomba na kutoa tope lililosimama kama mshumaa, la chini likiwa ndilo la zamani. Lennart von Post, Mswidi, alionyesha mwaka 1916 kwamba ukihesabu chavua tabaka kwa tabaka unapata historia ya misitu. Chavua ya msonobari haikupotezi kwenye hadubini: ina vifuko viwili vya hewa, kama masikio.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Chavua hiyo hupeperuka mbali mno, hata tope la mahali pasipo msonobari mmoja huwa nayo. Usitangaze msitu kwa chavua peke yake. Tafuta majani ya sindano, koni, kipande cha shina. Hivyo haviendi mbali na mti ulipokuwa. Masalia kama hayo, yaliyopatikana juu ya mpaka wa leo wa misonobari, ndiyo yanayotuambia kwamba miaka 5000 hadi 6000 iliyopita misonobari ilipanda juu zaidi katika milima hii. Kiangazi kilikuwa na joto zaidi. Kilipopoa, ikarudi chini, mbetula ikabaki.

Abisko ni hifadhi ya taifa tangu 1909, kwa hiyo usichimbe wala kung'oa kitu. Ukikuta ukingo wa kijito umebomoka wenyewe na mboji imejitokeza, chutama utazame tu. Mara nyingi kuna gome la mbetula humo, bado jeupe kama karatasi. Weka rula kando yake, piga picha, uliache.