Ankara ya kazi ya rangi Lamu: andika ukuta, si chumba

"Kupaka rangi chumba, Sh26,000." Mstari mmoja wa namna hii ndio unaofanya fundi azungushwe kwa malipo wiki baada ya wiki. Mwenye nyumba haoni rangi ilikuwa ya kiasi gani, ufundi ni kiasi gani, wala kama ule ukuta uliokwanguliwa siku mbili umo ndani ya bei. Asichokielewa atataka kipunguzwe.

Ankara nzuri huanzia kwenye tepu ya kupimia, kabla ndoo haijafunguliwa. Chumba cha nyumba ya mawe ya mji wa kale ni kirefu na chembamba, kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mkoko. Tuchukue chumba cha mita 8 kwa 2.8, kimo mita 3.5. Mzunguko wa kuta ni mita 21.6, zidisha kwa kimo, upate mita za mraba 75.6. Toa mlango na madirisha, tuseme 5.6, zinabaki 70. Ukipaka mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, ni 140.

Hapa ndipo wengi huumia. Kwenye plasta laini ya saruji, lita moja hupaka takriban mita za mraba 10. Plasta ya chokaa hunywa rangi, kwa hiyo hesabu 7 kwa lita: 140 gawanya kwa 7 ni lita 20, ndoo moja kamili. Aliyehesabu 10 ameandika lita 14, na zile sita zitatoka mfukoni mwake.

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zipe mstari wake, kwa idadi. Kidaka cha sentimita 40 kwa 50 chenye kina cha 20 kinaonekana kwa mbele kama mita ya mraba 0.2, lakini ukijumlisha kuta zake za ndani, brashi inapaka 0.56. Ni karibu mara tatu, tena kwa brashi ndogo, kona baada ya kona. Ukivipima pamoja na ukuta bapa umevipaka bure.

Chumba chetu, ambacho hakina zidaka, kitaandikwa hivi (bei ni za mfano, weka zako):

Kukwangua rangi iliyobambuka na kuziba nyufa, mita za mraba 12 × Sh250: 3,000
Ufundi wa kupaka mikono miwili, mita za mraba 70 × Sh180: 12,600
Rangi, ndoo 1 ya lita 20: 7,500
Msasa, filla, tepu ya karatasi: 1,700
Boti kutoka Mokowe (bara) na punda kutoka gatini: 1,200
Jumla: 26,000
Imelipwa kabla ya kazi: 13,000
Salio: 13,000

Jumla ni ile ile ya juu, ila sasa kila shilingi ina kazi yake. Boti na punda usiwafiche ndani ya bei ya rangi: mteja akiulizia ndoo dukani Mombasa atadhani umemwibia.

Taja aina ya rangi, rangi yenyewe na namba yake ya kwenye kopo, na idadi ya mikono. Kisha andika hali ya ukuta ulivyoukuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza unyevu kutoka chini, na unyevu hupanda na chumvi. Ukiufunika kwa rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea. Rangi huvimba malengelenge, kisha hubambuka, hasa sehemu ya chini. Rangi ya chokaa huuacha ukuta upumue. Mteja akishikilia ya plastiki, andika kwenye makadirio na kwenye ankara: "Ukuta wa mashariki una unyevu hadi sentimita 80, mteja amechagua rangi ya plastiki, kubambuka kwa sababu ya unyevu hakumo kwenye dhamana." Piga picha kabla ya kuanza.

Kazi ikiongezeka katikati, tuma bei kwa ujumbe na usianze hadi mteja ajibu. Kwenye ankara iite "kazi ya ziada" na uweke tarehe aliyokubali.

Juu ya karatasi weka jina la biashara, simu, namba ya ankara, tarehe, na jina la anayelipa. Nyumba nyingi za Lamu na Shela wenyewe wako mbali na aliyekuita ni mwangalizi. Ankara iende kwa mwenye nyumba, nakala kwa mwangalizi. Namba ya till (ya kulipia kwa simu) iandike pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji, maana likiwa geni atasita.

Hoteli na kampuni zitataka ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA: tangu Januari 2024, KRA inaihitaji ili gharama ikubaliwe kwenye hesabu za kodi. Unaweza kuitoa kwa simu kupitia *222#. Kama hujasajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), usiongeze 16%.

Tuma siku ile ile mnapokagua kazi, rangi ikiwa bado inanukia. Badala ya "lipa haraka", andika tarehe kamili ya mwisho. Ikifika bila malipo, tuma ujumbe mfupi wenye namba ya ankara na salio. Ukigundua kosa kwenye ankara isiyo ya eTIMS, futa ankara ile na utoe nyingine yenye namba mpya. Ankara mbili zenye namba moja humpa mlipaji sababu ya kusubiri.