Jinsi ya kufunga umeme salama kwenye tela la kazi

Tela la fundi siku hizi hubeba karakana nzima: grainda, drili, msumeno wa umeme, kompresa ndogo, mashine ya kuchomelea. Umeme wenyewe ndio huachwa mwisho. Ukifika saiti umeme unaombwa dirishani kwa mteja, ekstensheni moja inaungwa na nyingine, na chuma chote cha tela kinabaki kimekaa juu ya matairi ya mpira, bila njia ya kwenda ardhini. Siku waya ukichubuka na kugusa bodi, tela zima lina volti 230. Wa kwanza kujua ni kibarua mwenye ndala zilizolowa anayeshika mlango.

Mwongozo huu ni wa tela la chuma la tairi mbili, linalotumia umeme wa nyumbani au jenereta ndogo ya petroli. Ni kazi ya mtu anayejua umeme; Tanzania leseni ya ufungaji hutolewa na mamlaka ya nishati, EWURA, Kenya ni EPRA. Kama huna leseni, toboa matundu, funga maboksi na mabomba, kisha mwite mwenye leseni aunge na kupima.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo

Soma kibandiko cha kila mashine. Grainda ya inchi 9 hula wati 2000 na zaidi, msumeno wa mviringo kama 1400, drili 700 hivi. Jumlisha zile tu zitakazowaka kwa wakati mmoja. Kwa mafundi wawili, ampea 16 zinatosha: 16 × 230 ni wati 3680. Kumbuka tu kwamba ukichukua umeme kwenye soketi ya kawaida ya mteja, fyuzi ya plagi ni ampea 13, yaani karibu wati 3000, na hapo grainda na msumeno lazima vipokezane.

Mashine ya kuchomelea iangalie kwa makini. Zile ampea 200 zilizoandikwa kwa maandishi makubwa ubavuni ni za kutoka kwenye fimbo ya kuchomelea. Wewe tafuta ampea za kuingia, kwa kawaida ziko kwenye kibandiko kidogo nyuma. Zikizidi 16, mashine hiyo isiunganishwe kwenye tela. Itafutiwe laini yake.

Hatua ya 2: Weka mlango mmoja wa umeme

Ubavuni mwa tela funga plagi dume ya bluu ya duara, ya ampea 16, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Kebo inayotoka kwa mteja au kwenye jenereta iwe na jike upande wa tela, ili pini zilizo wazi zisiwe na moto hata siku moja. Ule waya wenye plagi dume pande zote mbili usiutengeneze, hata kwa dharura. Mlango ukiwa mmoja, tela haliwezi kupokea umeme wa gridi na wa jenereta kwa pamoja.

Kebo iwe ya mpira mzito, nyaya tatu za milimita za mraba 2.5, isizidi mita 25. Ikiwa imezungushwa kwenye reli (gurudumu la kukunjia kebo), ifungue yote kabla ya kuwasha grainda. Ikibaki imeviringwa hupata joto hadi mpira ukayeyuka.

Hatua ya 3: Boksi la breka za umeme

Karibu na mlango wa umeme funga boksi lenye RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, kisha breka kuu ya ampea 16, kisha breka ya ampea 6 kwa ajili ya taa. Soketi zitoke kwenye ile ya 16. Zote ziwe za kukata nyaya mbili, laivu (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia), kwa sababu utakutana na nyumba ambazo soketi zimefungwa kinyume, na breka ya waya mmoja itazima nyutro huku laivu ikibaki ndani ya mashine. Kama una kompresa, chagua breka ya aina C inayovumilia umeme mwingi unaovutwa kwa ghafla mota inapoanza. RCD iwe ya aina A, maana mashine nyingi sasa zina elektroniki ndani.

RCD hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa miliampea 30 inatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.3, na uvujaji ukiwa mara tano ya hapo, ndani ya sekunde 0.04.

Ndani ya tela tumia waya wa nyuzi nyingi, 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa. Waya wa uzi mmoja unaofaa ukutani hukatika kwenye skrubu kwa sababu ya mitikisiko ya barabara. Kila ncha ivishwe feruli (kikofia cha chuma kinachoshika nyuzi pamoja), kila tundu kwenye bati liwe na gromiti (pete ya mpira), na nyaya zote zipite kwenye bomba, mbali na zile za volti 12 za taa za nyuma.

Hatua ya 4: Erthi

Hapa usiwe na haraka. Waya wa kijani na njano kutoka kwenye mlango wa umeme uingie kwenye baa ya erthi ndani ya boksi. Kutoka kwenye baa, vuta waya wa milimita za mraba 6 hadi kwenye chesesi (fremu ya tela). Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, toboa, funga bolti ya milimita 8 na lagi (kichwa cha waya chenye tundu la bolti) iliyobanwa vizuri, weka washa yenye meno, kaza, halafu ndipo upake rangi juu yake. Bawaba ya mlango si waya wa erthi. Mlango uwekee waya wake laini.

Kwa mteja, erthi inatoka kwenye nyumba yake, na nyumba nyingi hazina erthi inayofanya kazi. Kwa hiyo beba fimbo yako ya shaba ya mita 1.2, ipigilie kwenye udongo wenye unyevu, uiunge na bolti ya chesesi. Kwa hesabu, RCD ya miliampea 30 huzuia bodi isipite volti 50 hata kama ardhi ina omu 1667, kwani 50 ÷ 0.03 ndiyo hiyo. Lakini udongo hukauka. Lenga chini ya omu 200.

Jenereta ina mtego wake. Nyingi ndogo hazijaunga nyutro na fremu. Umeme wake unaelea. Waya mmoja ukigusa bodi ya tela, hakuna kinachokata wala kulia, kazi inaendelea. Tangu hapo bodi yote imekuwa upande mmoja wa jenereta. Mtu akigusa waya wa upande wa pili, umeme unapita mwilini mwake, unaingia kwenye bodi na kurudi kupitia ile hitilafu ya kwanza, na yote hayo yanatokea baada ya RCD, upande wa mashine. RCD inaona kwenda na kurudi ni sawa, na haikati.

Jenereta ikiwa imezimwa, pima omu kati ya pini ya erthi na kila moja ya zile nyingine mbili. Zote zikionyesha hakuna muunganisho, inaelea. Soma kitabu chake. Kikiruhusu, tengeneza plagi yenye daraja kati ya nyutro na erthi, uichomeke kwenye soketi ya pili ya jenereta hiyo hiyo. Ifunge kwa mnyororo kwenye fremu ya jenereta, kwa sababu ikichomekwa nyumbani kwa mteja itapitisha umeme wa nyutro kwenye erthi yake. Daraja hilo lisiwekwe ndani ya tela kamwe. Na jenereta ikae nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu.

Jambo jingine kwa wachomeleaji: klampu ya kurudishia ibane kwenye chuma unachochomea, si kwenye tela. Ukibana kwenye chesesi, ampea 100 na zaidi zinaweza kutafuta njia kupitia waya mwembamba wa erthi na kuuchoma, nawe usijue kuwa tela halina tena erthi.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kuwasha

Umeme ukiwa umekatwa, pima kutoka pini ya erthi ya kila soketi hadi kwenye bolti, mlango na kingo za tela. Ipatikane chini ya omu 0.5. Pima pia insuleshini (ganda linalozuia umeme kutoka kwenye waya) kwa volti 500, mashine zote zikiwa zimechomolewa. Chini ya megaomu 1 usiendelee.

Kisha washa na ubonyeze kitufe cha T (cha kujaribia) kwenye RCD. Ikikata, umethibitisha kuwa mtambo wa ndani unafanya kazi, basi. Kitufe hicho hutengeneza uvujaji wake humo humo, kwa hiyo hukata hata kama tela halina erthi kabisa. Kinachothibitisha erthi ni testa ya kuchomeka yenye kitufe cha kuvujisha laivu kwenda erthi. Unapoibonyeza, hakikisha hakuna anayegusa bodi, kwani erthi ikiwa haipo, kwa muda huo bodi inapata moto. T ikikata na testa isikate, chomoa kebo na utafute erthi ilipopotea, uanze na soketi ya mteja.

Rudia kipimo cha testa kila saiti mpya, na kila unapohama kutoka gridi kwenda jenereta. Utaratibu wangu ni fimbo ya ardhini kwanza, kisha kebo, kisha testa, ndipo mashine zishuke. Baada ya safari chache za barabara ya vumbi, fungua boksi ukiwa umechomoa umeme, ukaze tena kila skrubu.