Ukiishi ugenini, anzia makumbusho ya jirani

Mimi ni fundi cherehani, kwetu Mwanza, naishi Kisumu mtaa wa Manyatta. Watanzania wenzangu wakihamia huku huniuliza waende wapi kwanza kutembea. Nawaambia: kabla ya kuwaza Nairobi, nenda makumbusho ya mji unaoishi. Mtalii ana siku chache, lazima akimbie. Wewe ni mkazi, utarudi tena, kwa hiyo kila ukienda chagua kitu kimoja ukae nacho.

Kisumu, kitu hicho kiwe boma la Kijaluo lililojengwa ndani ya makumbusho. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1980, yako kwenye barabara ya kwenda Nairobi, matatu zinakushusha hapo hapo. Wengi wakiingia hukimbilia nyoka na samaki. Hao watakungoja. Wewe nenda bomani, usimame langoni na kutazama ndani. Nyumba inayotazamana nawe ni ya mke mkubwa. Karibu na lango ndiko kuna simba, nyumba ya kijana wa kiume ambaye bado hajajenga boma lake. Mwombe mwongoza wageni akueleze nani hujenga kwanza na nani hamtangulii mwenzake, na usione haya kuuliza tena, maana mambo hayo utayakuta vijijini yakiwa hai. Mama mwenye nyumba wangu aliponichukua kwao Siaya kwenye msiba, nilipofika tu langoni nilijua nyumba ya mke mkubwa ni ipi, nikaenda kumpa pole kabla ya kuketi. Walinipokea kama mtu wa pale.

Beba paspoti au kibali chako cha kuishi. Viingilio vimegawanywa: raia wa Kenya, watu wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali, kwa hiyo jitambulishe mapema ulipe kinachokuhusu. Weka pesa kwenye simu, usitegemee noti mfukoni.

Ukishazoea, jipange kwenda Thimlich Ohinga, kwenye maboma ya kale ya mawe. Hiyo ni safari ya siku nzima, kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na kipande cha mwisho ni pikipiki au gari la kukodi. Ondoka alfajiri, beba maji na chakula, na epuka miezi ya masika. Tangu mwaka 2018 mahali hapa pamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini hutakuta msongamano. Ni maboma ya mawe yanayodhaniwa kuwa ya karne ya 16, na kuta zake zina urefu wa kwenda juu wa kuanzia mita 1.5 hadi 4.5, bila udongo wala saruji ya kuzishikilia. Usipige picha ukaondoka. Sogea ukutani utazame jinsi mawe yalivyopangwa: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati vijiwe vidogo vinavyozibana zote mbili, kama kile kitambaa kigumu tunachoficha ndani ya kola. Mimi kazi yangu ni kuunganisha vitu, na pale nilisimama muda mrefu sana kutafuta ncha ya kazi ile nisiione. Kisha ingia kwa mlango. Ni mfupi makusudi, ili adui aingie ameinama.

Ukiwa na safari ya Nakuru, pitia Hyrax Hill, mahali pa mambo ya kale, kilomita chache tu kutoka mjini. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba pale mwaka 1937. Tafuta mabao ya kuchezea yaliyochongwa mwambani. Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa mashimo yale ni ya nini, na nenda na mtoto kama unaye, akione kitu alichozoea kumwona babu akicheza barazani.

Kit Mikayi, yale mawe makubwa kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ni jambo jingine. Pale si makumbusho tu, watu husali, wakiwemo waumini wa kanisa la Legio Maria. Vaa nguo za heshima, usimpige picha mtu aliyepiga magoti, na ukikuta ibada inaendelea subiri kando mpaka waishe, ndipo umwombe mwenyeji akupitishe kati ya mawe.